Haikuja tambarare

Wiki hii dada amejifungua mtoto wa kike, wote wazima, na mkataba wangu wa kazi umeongezwa mwaka mmoja. Haya, nimeshayasema. Sasa niandike kinachoninyima usingizi.

Jumapili kulikuwa na mkutano wa njia, ile reli ya zamani tunayoigeuza njia ya kutembea. (Mliokuwa nami tangu tulipoanza kufyeka vichaka mnajua ni njia gani.) Nilisimama mbele ya watu kama sitini na picha zangu. Nikawaonyesha High Line ya New York, reli ya juu ya nguzo iliyogeuzwa bustani: treni ya mwisho ilipita 1980, majani yakajiotea katikati ya reli, na mwaka 2009 watu wakaanza kutembea pale. Nikawaonyesha na ile ya Paris, Promenade plantée, iliyofunguliwa 1993 juu ya reli iliyoachwa tangu 1969. Makofi. Na makofi, mnanijua, hunipanda kichwani. Nikaongeza: "Sisi tuna bahati kuliko wao. Hatuhitaji ngazi wala lifti. Njia yetu imekuja tambarare, hata mwenye kiti cha magurudumu atapita."

Baba alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Hakunyoosha mkono, wala hakupaza sauti.

"Haikuja tambarare, mwanangu. Tuliilaza."

Basi. Watu wawili watatu wakacheka, nami nikacheka nao, nikasema "Asante, mzee wetu," nikaenda kwenye picha inayofuata. Mzee wetu! Baba yangu mzazi nimemshukuru kama mgeni rasmi.

Tangu hapo neno lile haliniachi. Nikipiga mswaki, tuliilaza. Nikiwa kwenye foleni, tuliilaza. Mara nalisikia kama kejeli, mara kama kilio, na usiku wa Jumatatu nikalisikia kama mtu anayesahihisha herufi tu, hana neno na mtu. Nikamuuliza Mama. "Baba yako akisema maneno matatu, ujue amekwisha kumeza thelathini." Asante Mama, sasa ninayo thelathini ya kuwaza.

Kinachouma zaidi ni kwamba nilikuwa najua. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza. Kupanda mita 1 katika kila mita 50, injini yenye mabehewa mazito tayari inahema. Ndiyo maana kilima kilikatwa na bonde likajazwa udongo. Na kazi haikuishia hapo: kila mvua iliposhusha tuta, genge la wafanyakazi wa reli lilitoka na masururu kushindilia kokoto chini ya mataruma, zile mbao zinazobeba reli, mpaka reli zirudi usawa. Baba alikuwa kwenye genge hilo miaka 26. Karo yangu ya shule ilitoka kwenye usawa ule. Halafu nasimama mbele za watu nasema umekuja.

Usiku wa kuamkia Alhamisi ilinyesha hadi alfajiri, asubuhi nikaenda kutazama kipande tulichokwisha kumwaga changarawe. Nikamkuta. Suruali kaikunja hadi magotini, mkongojo kauchomeka kwenye dimbwi katikati ya njia yetu mpya, na vijana wanne wa kamati wamejipanga mbele yake kama wanafunzi waliochelewa.

"Nani kaziba mtaro huu?"

Kimya. (Ni mimi. Nilisema ufukiwe ili njia ipanuke, watu wawili wapite sambamba wakiongea.)

"Mmeyaambia maji kwamba treni zimekwisha?"

Tukafukua. Kalvati, bomba la kupitisha maji chini ya njia, ilikuwa palepale alipoelekeza, hatua kumi na moja kutoka nguzo ya kilomita, imejaa matope na majani. Ilipozibuka na maji kuondoka kwa kishindo, vijana walipiga mayowe kama wamefunga goli, na Baba, naapa, alirusha kofia juu. Sijawahi kumwona Baba akirusha kitu. Ikaangukia mtaroni, ikabidi niingie mimi.

Akashika kasi. Akapita kwenye rundo la mataruma ya zamani tuliyotaka kugeuza viti vya kupumzikia, akaligonga kwa mkongojo: mbao zile zililowekwa kreosoti, dawa yenye sumu ya kuzuia mbao kuoza, si za kukalisha watoto, na asithubutu mtu kuzichoma. Viti vikafutwa kwenye mchoro pale pale. Tulipoagana akanitazama kuanzia viatu hadi nywele, matope matupu. "Mnyapara, kesho njoo na sururu. Picha ziache nyumbani."

Nimekwenda kesho yake na sururu, na Jumamosi pia. Viganja vimetoka malengelenge. Ya Jumapili hajayataja, nami sijayataja, na neno tuliilaza linanijia bado, ila siku hizi linakuja na sauti ya maji.

Kingine: paka wangu Kaniki hajarudi tangu Jumatano. Bakuli lake liko vilevile, na jirani mpya ana mbwa.