Umeme wa maji ya moto, nilivyohangaika nao

Jana nimekaa na vile vibamba vya Peltier (vinatoa umeme upande mmoja ukiwa moto na mwingine baridi) nilivyong'oa kwenye vifriji vibovu, nikabana kimoja kati ya sufuria ya maji ya moto na bakuli la barafu, multimita ikasoma kama volti moja hivi, nikaunga kataa ka LED, wapi! Nikaongeza cha pili mfululizo ndo kakawaka, wekundu hafifu, barafu ilivyoyeyuka tu kakazima.

Na hapo ndo penyewe, watu tunawaza joto tu tunasahau ubaridi. Maji yakiwa nyuzi 80 na upande wa baridi nyuzi 20, hata mashine kamilifu haigeuzi zaidi ya asilimia 17 ya joto kuwa umeme, ndo kikomo cha Carnot hicho, na mashine halisi hata huko haifiki.

Mitambo mikubwa ya umeme wa maji ya moto kiasi hiki haichemshi maji yenyewe, inatumia joto lake kuchemsha vimiminika kama pentani, hiyo nyuzi 36 tu ishakuwa mvuke, inazungusha tabaini, inapozwa, inarudi tena. Kule Chena, Alaska, walianza 2006 kwa chemchemi ya nyuzi 74 tu, ila wenzetu baridi wanayo ya kumwaga (mi barafu yangu iliisha dakika kumi).