Jinsi nilivyoiokoa korasi yangu ya maeksi

Jamani hii nyimbo ilinitesa wiki tatu. Niliachwa, nikasema poa, ngoja niwaimbe maeksi wote watatu kwa mpigo, nikaandika vesi ndeeefu za matusi matusi, naenda studio hapa Dodoma prodyuza anasikiliza anacheka tu, ananiambia dada hii ni kesi ya baraza la kata sio nyimbo.

Korasi ilikua hivi: "Mlinidanganya wote mkaniacha na maumivu moyoni mwangu". Hesabu mizani hapo, yani silabi, 23! Biti inapita mi bado nameza maneno.

Nilichofanya, kwanza nikafuta matusi yote. Alafu kila jamaa nikampa kitu kimoja tu alichonifanyia. Wa kwanza aliniacha nimekaa stendi ya Nanenane na begi toka saa kumi jioni, anasema niko njiani, kumbe hata kuoga hajaoga. Wa pili alikua ananiletea zabibu kila wiki, tamu kweli, nikaja kujua ni anazobakisha kwa mwingine (huyu ndo kanipa vesi nzuri kuliko wote, sijui nimshukuru). Wa tatu mstari mmoja umemtosha.

Korasi nikairudisha kwenye mizani nane nane kama tulivyofundishwa mashairi shuleni: "Ulisema unakuja, chai yangu imepoa". Na nikatoa "mlini" nikaweka "uli", maana anayesikiliza anamfikiria mtu mmoja, wake.

Prodyuza hakucheka tena, kaniuliza tu huyo wa zabibu anakaa mtaa gani.