Kijana wangu wa miaka 9 na mbuzi ya kukunia nazi

Habari za wikiendi wapendwa. Leo nataka kuongelea jambo ambalo limenikaa kichwani tangu mwezi wa nne, nalo ni watoto na kazi za nyumbani, hasa hawa wa kiume.

Ilianza hivi. Dada aliyekuwa anatusaidia aliaga anaenda kwao Singida kumuuguza mama yake, akaenda na hakurudi, Mungu amsaidie huko aliko. Mke wangu kazi yake ni ya zamu, leo asubuhi kesho usiku, na mimi natoka mjini narudi Mbagala, foleni yake wenyewe mnaijua. Sasa siku moja nikawahi kurudi, saa kumi jioni niko mlangoni, nakuta binti yangu wa miaka 12 bado ana sare ya shule, hata soksi hajavua, kainamia beseni anaosha vyombo vya asubuhi na vya jana usiku, pembeni sufuria ya wali kailoweka ukoko ulainike. Mdogo wake wa miaka 9 yuko kwenye kochi anaangalia katuni, kikombe cha chai kakiweka sakafuni pale pale miguuni kwake. Nikamuuliza, we mbona humsaidii dada yako? Akanijibu kwa upole kabisa, wala sio kwa kiburi, "Baba, mi si mwanaume?"

Lile jibu liliniuma sana. Maana hakuna siku niliyomkalisha chini nikamwambia mwanaume haoshi vyombo. Aliona tu. Aliona baba akimaliza kula ananyanyuka sahani anaiacha hapo hapo na kuna mtu atakuja kuitoa, aliona dada yake akiitwa jikoni na yeye haitwi, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, basi somo likaingia.

Na mimi nilitakiwa nijue zaidi ya wengine. Kwetu Muheza tulizaliwa wanne, wote wa kiume, msichana hamna. Mama alikuwa anauza maandazi na vitumbua asubuhi, kwahiyo unga tulikanda sisi, mchele wa vitumbua tuliloweka sisi usiku, nazi tulikuna sisi, maji tulichota sisi, na mdogo wetu wa mwisho alikua mgongoni kwangu. Majirani walikuwa wanampa mama pole, wanamwambia huna hata mtoto wa kukusaidia, na yeye siku zote jibu lake lilikuwa moja, "ninao wanne." Nikaja Dar, nikaanza kazi, nikaoa, tukaweka dada wa kazi, na taratibu nikayaacha yote yale kama vile hayakuwahi kunihusu.

Baadaye katika kusomasoma nikakutana na utafiti ambao ulinigusa kwasababu ni kama unazungumzia kwetu. Mwanaanthropolojia mmoja Mmarekani, Carol Ember, alikaa na Waluo kule Kenya na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1973. Kulikuwa na nyumba ambazo hazina binti wa umri wa kusaidia, kwahiyo wavulana ndio walipewa kazi ambazo kwa kawaida pale zilikuwa za wasichana, akawalinganisha na wavulana wenzao ambao hawakuzifanya. Wale waliofanya kazi za ndani, jikoni na kulea wadogo zao, walionekana kuwa na ugomvi mdogo na ubabe mdogo kuliko wenzao. Nilivyosoma pale nilimkumbuka mama yangu, shule yake iliishia darasa la nne lakini hilo alilijua.

Basi nikaamua kuanza, na sikuanza na vyombo, nilianza na nazi, kwasababu najua mtoto wa kiume anapenda kitu chenye chuma na chenye hatari kidogo. Jumapili asubuhi nikaitoa mbuzi juu ya kabati, nikaipangusa vumbi, nikamwambia haya baba njoo ukae hapa. Nikavunja nazi kwa mgongo wa panga, maji akanywa yeye, akafurahi. Akakaa juu ya kibao miguu huku na huku, sinia chini ya ulimi wa chuma, nikashika mikono yake kwa nyuma. Unaanzia ukingoni, sio katikati, ukianzia katikati nazi inateleza na vidole vinaenda kwenye meno ya mbuzi. Unakuna huku unazungusha, unakuna unazungusha, mkono unajifunza wenyewe uzito wa kukandamiza. Na ukianza kuona weusi unaacha hapo, usilazimishe, ukikwangua mpaka kwenye kifuu tui linakuwa la kahawia na maharage yanaonekana machafu. Nusu ya kwanza ilimchukua kama dakika 20 na nyingine ilimwagika nje ya sinia, nusu ya pili alikataa nisimshike. Tukachuja, tui zito tukaliweka pembeni, tukarudishia maji ya uvuguvugu tukakamua tena tui jepesi, nikamwonyesha kwamba jepesi ndo linaingia kwanza kwenye maharage linachemka, zito mwisho kabisa na hapo usiache kukoroga, ukizubaa linakatika. Mchana tulivyokula, kila mtu aliyeonja alikuwa anaulizwa, "tui limekolea?"

Wiki iliyofuata vyombo nikaosha naye, mimi nasugua yeye anasuuza. Hili la kufanya PAMOJA naomba wazazi wenzangu mlishike, maana tuna tabia ya kumtuma mtoto kwenye kazi kama tunamfukuza, "nenda kaoshe", "nenda kafagie", anaenda peke yake, hajui aanzie wapi, anarudi amefanya vibaya anagombezwa. Mimi mwenyewe mama hakuwahi kunituma nikakande unga, alikuwa anakanda, nakaa pembeni yake, ananikatia donge langu.

Kuna makosa nimefanya, nayasema ili mwingine asirudie. La kwanza ni hela. Nilisema kila atakayeosha vyombo bila kuambiwa nampa shilingi 200. Siku nne za mwanzo mambo yalikwenda vizuri mno, ya tano kijana akauliza, leo vyombo ni vingi, si iwe 500? Na binti ambaye miaka yote alikuwa anaosha bure akaniangalia tu, hakusema kitu, lakini lile jicho nililielewa. Yeye alikuwa anafanya kwasababu nyumba ni yake, mi nikaja nikaigeuza kibarua. Nikawaita wote wawili nikawaomba msamaha nikafuta ule mpango. Hela ya matumizi ya shule wanapata kama kawaida na vyombo vinaoshwa kwasababu tumekula.

La pili ni kufanya kazi iwe adhabu. Umepigana na dada yako, haya leo utadeki wewe. Umechelewa kurudi, utafua. Wengi wetu tumelelewa hivyo, na shuleni nilikosoma mimi mchelewaji alikuwa anapelekwa kusugua vyoo, mpaka leo watu wazima tunaona aibu kushika brashi ya choo kama vile tumefanya kosa. Ukimwadhibu mtoto kwa ndoo na dekio usitegemee atakuja kudeki kwa hiari, atadeki siku ukimshinda nguvu na siku akikushinda ataacha. Nimeacha kabisa hiyo.

Huyu mtoto wetu wa mwisho ana miaka 2 na nusu, yeye hajaombwa na mtu. Akiona fagio la chelewa analikimbilia, refu kumzidi, anasukuma taka kutoka kwenye rundo nililokusanya zinarudi sebuleni. Zamani nilikuwa namnyang'anya, nina haraka. Siku hizi nimemkatia kafagio kake kafupi na kona yake, anafagia pale pale mpaka achoke. Kuna watafiti wawili, Warneken na Tomasello, mwaka 2006 walionyesha kwamba watoto wa miezi 18 tu, mtu mzima akidondosha kitu na akawa hakifikii, wengi wanakiokota wanampa bila kuombwa na bila zawadi. Kwahiyo hamu ya kusaidia mtoto anakuja nayo. Sisi ndo tunamwambia toka hapa utachafua, toka hapa unanichelewesha, tunamwambia hivyo kwa miaka 6 au 7, halafu akifika 10 tunashangaa mbona huyu mtoto mvivu hivi.

Ila kuna vitu sina mchezo navyo. Mafuta ya moto bado hapana, maandazi nakaanga mimi, wao wanakata tu na kupanga. Mtungi wa gesi kufungua na kufunga ni mimi au mama yao, binti ameanza kujifunza nikiwa nimesimama hapo. Dawa ya choo iko juu kabisa. Na ndoo ya maji haikai chini wazi kukiwa na huyu mdogo, mtoto wa umri ule akitumbukia kichwa kwenye ndoo hata iliyojaa nusu hawezi kujitoa, tafadhali sana jamani, hasa sisi tunaokinga maji kwa ajili ya mgao.

Mwezi wa sita shangazi yangu akaja kutoka Muheza kwa ajili ya kliniki ya macho, akakaa wiki tatu. Siku ya pili tu akamwona mjukuu wake anaosha vyombo, akaniita chumbani akafunga mlango. "Mwanangu, huyu mtoto wa kiume mbona umemfanya kijakazi na dada yake yupo?" Nikamwambia hapana shangazi, anajifunza tu, hata sisi kwa mama tuliosha. Akasema, nyinyi mlikuwa hamna dada, ilikuwa shida. Sikubishana naye, shangazi yangu ni mtu mzima na amenilea. Lakini nililala nalifikiria lile neno shida. Yaani mvulana kuosha sahani aliyolia mwenyewe lazima kwanza kuwe na shida? Na binti yangu ambaye shuleni anabeba mabuku yale yale na atakaa kwenye mtihani ule ule, masaa mawili yake ya kila jioni yanatoka wapi? Sasa hivi saa kumi na moja ukija kwangu unamkuta kajilaza kwenye mkeka anasoma hadithi, na hicho kwangu mimi ni kitu kikubwa.

Kuna wanaoniambia huko ni kuwatumikisha watoto. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 kifungu cha 31 unasema wazi mtoto ana wajibu kwa familia yake, kulingana na umri na uwezo wake, ikiwemo kuwasaidia wazazi wanapohitaji. Kumtumikisha mtoto ni kitu kingine, na mara nyingi kiko jikoni kwetu tunakipita tu. Ni yule msichana wa miaka 12 aliyetolewa kijijini, anafua sare za mtoto wa umri wake halafu anambebea begi mpaka kwenye basi la shule. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 ndio umri wa chini kabisa wa kuajiriwa, na hapo ni kazi nyepesi. Kama watoto wetu wangekuwa wanaosha vikombe vyao wenyewe, pengine tusingekuwa na haraka hivyo ya kwenda kumtafuta huyo msichana.

Kwasasa tulipo ni kwenye kufua. Jumamosi iliyopita kijana alifua sare zake mwenyewe kwa mara ya kwanza, shati jeupe mbili na kaptula, akaanika, jioni akaanua akanipa nipige pasi. Kola bado zilikuwa na ule mstari wa jasho, mweusi kabisa. Mikono iliniwasha nirudishe kwenye beseni. Nikapiga pasi hivyo hivyo nikakunja nikamwekea kitandani. Jumatatu kaenda nalo shule, karudi, kavua, kalishika kola kaligeuza kwenye mwanga wa dirisha, halafu akaja kuniuliza ile brashi ndogo ya kufulia inakaa wapi.