Skonzi za saa kumi, mtaa wa Langoni, Lamu

Ilikuwa Mei 2011, masika bado hayajakata, wageni wetu wa Malindi wakapiga simu wako Mokowe wanangoja boti. Kutoka Mokowe hadi gati la Lamu si safari ya kumpa mtu nafasi ya kuumua unga wa hamira. Mama mkubwa akasema tuchome skonzi. Si zile za dukani, ambazo Kenya nzima tunaziita skonzi na kumbe ni vimikate vitamu vya hamira. Alitaka za Kiingereza, zinazoumuka kwa beking pauda, ambazo toka unga uingie bakulini hadi skonzi ifike mdomoni ni nusu saa na ushei.

Vipimo vyake havikuandikwa popote lakini havikubadilika: unga wa ngano vikombe viwili, kama gramu 250, beking pauda vijiko vidogo vitatu, sukari vijiko vikubwa viwili, chumvi nusu kijiko kidogo, siagi gramu 60, na maziwa kasoro kidogo robo tatu ya kikombe. Iliki mbili tatu zilizotwangwa ni nyongeza ya kwetu. Mwingereza hatii, na hasara ni yake.

Duru ya kwanza zilitoka vigae. Rangi nzuri, harufu nzuri, kimo hakuna. Nikajua ni mkono wangu, nimeukanda unga mno. Mama mkubwa akapasua moja, akaitazama ndani kwenye mwanga: imeshikamana, ina ubichi ubichi kama udongo, haina kitundu hata kimoja.

"Nipa mai ya moto," akasema.

Akamimina vidole viwili vya maji kwenye gilasi, akatia nusu kijiko cha beking pauda. Nzima hufoka papo hapo, povu likapanda juu. Yetu ilitoa mapovu matatu ya uvivu, ikazama chini.

Beking pauda ni magadi (beking soda) na tindikali kavu, vimechanganywa na wanga. Vikiwa vikavu vinakaa pamoja kwa amani. Vikilowa vinavamiana, hewa ukaa inatoka, unga unainuka. Kazi ya wanga ni kunyonya unyevu usiwafikie wale wawili. Lakini Alfred Bird wa Birmingham alipoitengeneza mwaka 1843 hakuwa amekaa Lamu wakati wa masika, ambapo hata chumvi kibakulini hulia machozi. Kopo letu lilikuwa rafuni jikoni, juu darini chini ya makuti, kifuniko kimelegea, miezi mingi. Ilikuwa imeshafoka yenyewe kidogo kidogo bila kuonwa na mtu. Kuongeza vijiko kusingesaidia kitu ila kuleta ladha ya sabuni.

Mtoto akatumwa dukani. Kopo jipya nalo lilijaribiwa kwanza kwenye gilasi.

Safari hii siagi ilitoka moja kwa moja kwenye barafu, ngumu kama jiwe, ikakwaruzwa kwa kikwaruzo cha karoti juu ya unga. Kwa joto letu ukiiacha mezani robo saa tu, unaweza kuipaka kwa manyoya ya kuku. Siagi ya baridi hubaki vipande vipande ndani ya unga. Ikipata moto, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kuacha uwazi. Ikiyeyuka mapema, unga unainywa, skonzi inakuwa nzito na mdomo unabaki na mafuta. Hapo ndipo samli inapokwama, ijapokuwa inanukia: haina maji ya kugeuka mvuke, na kwa joto la Lamu samli yenyewe huwa majimaji muda mwingi. Tuliisugua kwa ncha za vidole, si kiganja, maana kiganja kina joto, mpaka ikawa kama chenga za mchele. Vipande vichache vikubwa vikibaki si neno.

Maziwa yalikuwa yamekamuliwa ndimu nusu na kuachwa dakika kumi yagande kidogo. Yakamiminwa huku nikichanganya kwa kisu. Unga ulipoanza kushikana, huku chini ya bakuli bado kuna ukavu, akanishika mkono.

"Wacha hapo, mwanangu. Hizi si chapati."

Unga wa ngano ukilowa na kukandwa hufanya nyuzi za kuvutika. Chapati inazitaka hizo nyuzi ili isukumike, skonzi inazikimbia. Kilichokuwa mbele yetu kilikuwa kibaya kukitazama, chenye mabonge na kunata, na ndivyo kinavyotakiwa. Tulikigeuza mara tatu nne juu ya meza yenye unga, tukakibonyeza kwa mkono bila kusukuma, kikabaki na kimo cha pingili ya kidole gumba, kama sentimita 2.5. Ukikibonyeza zaidi ya hapo usingoje muujiza wa moto.

Kukata, gilasi haifai: mdomo wake mnene unaponda kingo. Tulikuwa na kopo la nyanya lililotolewa pande zote mbili, linakata kama wembe. Unalichovya kwenye unga, unashuka wima, unainua wima. Ukilizungusha, ubavu unajiziba na skonzi inapanda kwa kuinama. Zilitoka nane, mbili za mwisho, za mabaki yaliyorundikwa pamoja, zilikuwa na sura mbovu lakini utamu uleule. Zikapangwa zikigusana ili zibanane na kupanda juu badala ya kutambaa, zikapakwa maziwa kichwani tu. Yakichuruzika ubavuni hugandisha.

Jiko lilikuwa la mkaa, sufuria zito lenye mchanga mkavu chini na sinia ndani yake, makaa theluthi moja chini na theluthi mbili juu ya kifuniko. Lilipashwa tupu mpaka unga kidogo ulionyunyizwa kwenye sinia ukageuka kahawia kabla dakika haijaisha. Mwenye oveni aweke nyuzi 220. Moto wa kubembeleza huzikausha kabla hazijapanda. Dakika kumi na mbili za kwanza hakuna aliyeruhusiwa kugusa kifuniko. Kufikia ya kumi na tano zilikuwa tayari, zina ufa katikati ya ubavu, pale pale skonzi inapojipasua kwa vidole bila kisu.

Wageni walipiga hodi tukiwa bado tunakung'uta majivu. Zile nane hazikufika birika la pili la chai. Vigae tulivivunjavunja usiku, tukavimwagia maziwa ya moto na sukari, na paka wa barazani naye akapata fungu lake.