Sasa huanza na mdomo

Samaki wangu wa kwanza niliwachagua kwa rangi. Nilikuwa na tangi la kioo la lita 100, chujio, pampu, hita na kokoto nyeupe zenye ncha kali, nikaamini kwamba maji yakiwa safi na chakula kikiwapo, samaki yeyote atastawi. Wiki sita hazikuisha nikawa nimepoteza wanne, na waliobaki walikuwa wakikonda huku nawaona. Kila nilipoyapima maji niliyakuta salama. Nilitafuta kosa ndani ya maji tu, miili ya samaki wenyewe nikaiacha.

Aliyenifungua macho ni dume la beta, yule samaki mdogo mwenye mapezi marefu kama kitambaa. Kila baada ya dakika chache alikuwa akipanda juu na kugusa kwa mdomo mahali maji yalipokutana na kifuniko. Tangi nilikuwa nimelijaza hadi ukingoni na kulifunika kabisa ili vumbi lisiingie. Siku moja nikamkuta amelala upande juu ya jani, amechoka, matamvua yakifunguka na kufunga kwa shida. Nikakaa kusoma usiku ule, na nilichokisoma kilinishtua: beta hupumua pia hewa. Juu ya matamvua yake kuna chumba chenye mikunjo mingi iliyojaa mishipa ya damu, nacho hufyonza oksijeni kutoka kwenye funda la hewa alilolimeza. Asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, kwenye vidimbwi na mashamba ya mpunga, ambako maji ni ya kina kifupi, yametulia na yana joto. Maji ya namna hiyo huwa na oksijeni haba. Hata maji yaliyochanganyika vizuri na hewa, kwa nyuzi 25, hubeba miligramu 8 hivi tu za oksijeni kwa lita, ilhali lita moja ya hewa ina oksijeni zaidi ya mara 30 ya hiyo. Ukimzuia beta asifike juu, atakufa kwa kukosa pumzi hata kama maji ni safi na pampu inanguruma. Mimi nilikuwa nimemzuia kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilipunguza maji kiasi cha sentimita tano na kuondoa kifuniko. Kesho yake aliogelea.

Hata hivyo alikuwa bado akijibanza pembeni, nyuma ya mimea, upande ambao mkondo wa pampu haufiki. Hapo ndipo nilipoutazama mkia wake. Ni mpana, laini, wa mviringo. Mlinganishe na jodari: mkia mgumu wenye umbo la mwezi mwandamo, shina lake jembamba, mwili uliochongoka mbele na nyuma, na mapezi yanayolala ndani ya vijishimo vya ngozi ili yasikwamishe mwendo. Jodari ameumbwa kwa safari isiyokoma, kwani asiposonga mbele maji hayapiti vya kutosha kwenye matamvua yake. Beta ameumbwa kukaa, kugeuka taratibu kati ya majani na kusubiri. Mkondo wangu kwake ulikuwa mto wa mafuriko. Niligeuza mdomo wa pampu ukaelekea kwenye kioo, nguvu ikavunjika.

Lakini tangi lililo wazi lilinigharimu. Nilikuwa na samaki-shoka watano, wadogo, wenye rangi ya fedha. Asubuhi ya tatu niliwakuta wawili sakafuni, wamekauka. Niliumia sana. Kabla ya kuwazika nilimweka mmoja juu ya karatasi nyeupe nikamtazama kwa muda mrefu, na nadhani hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kumtazama samaki kwa kweli. Mgongo wake umenyooka kama rula. Mdomo uko juu kabisa, umeelekea angani. Kifua kimeshuka chini kama bapa la shoka, na mapezi ya kifuani ni marefu mithili ya mabawa. Kila kiungo kilikuwa kikisema jambo moja: huyu huishi chini kidogo tu ya uso wa maji, hula wadudu wanaoangukia humo, na adui akitokea chini, yeye huruka nje. Kile kifua kipana ni misuli ya kurukia. Mwili wake ulikuwa umenionya siku zote, na mimi nilikuwa nikiusifia mng'ao wake.

Nilitengeneza fremu ya mbao nikaiwamba wavu. Hewa inapita, samaki hapiti. Tangu siku hiyo hakuna aliyeruka nje.

Kisha nikaanzisha daftari. Kabla sijasoma chochote kuhusu samaki mpya, namchora na kukisia anakoishi. Huanza na mdomo, kwa sababu ndio unaosema chakula hutoka wapi: ukielekea juu, anakula usoni, ukiwa katikati, anakula akiwa anaogelea, ukiwa chini, anakula sakafuni. Baada ya hapo hutazama tumbo, mkia na macho.

Daftari hilo liliwaokoa koridora wangu, kambare wadogo wenye magamba mapana ya mfupa kama ngao. Mdomo wao uko chini, tumbo ni bapa, na umezungukwa na sharubu fupi ambazo huonja chakula kilichofukiwa. Mimi nilikuwa nikiwapa chakula kinachoelea! Wa juu walikimaliza kabla hakijazama, na hao wa chini walikuwa wakikonda. Nilibadili, nikawapa vidonge vinavyozama, tena baada ya kuzima taa, wenzao wakiwa wametulia. Kokoto nilizitoa zote nikaweka mchanga laini. Kama una samaki wa aina hii, fanya hivyo leo. Kumwona koridora akizamisha uso mchangani, akachuja chakula na kuutoa mchanga kupitia matamvua, kunaeleza vizuri kuliko maneno yangu kwa nini kokoto zenye ncha hazimfai.

Walinitia hofu mara moja zaidi. Ghafla mmoja wao alipanda mbio hadi juu, akagusa hewa, akarudi chini. Nikadhani oksijeni imekwisha. Kumbe koridora naye humeza hewa, ila yeye huifyonza kwa utumbo. Akifanya hivyo mara mojamoja hana shida. Wakianza kufanya wote, tena mfululizo, hapo nakagua joto la maji na pampu, maana maji yakipata joto hushika oksijeni kidogo zaidi.

Kwa muda nikaamini nimeshaifahamu kanuni ya rangi pia. Samaki wengi wana mgongo mweusi na tumbo jeupe. Akitazamwa kutoka juu, mgongo hupotea kwenye giza la kina. Akitazamwa kutoka chini, tumbo hupotea kwenye mwanga. Ndipo nikapata gogogo mdogo, aina ya kambare, kutoka bonde la mto Kongo. Nilimchora, nikasita. Tumbo lake lilikuwa jeusi kuliko mgongo. Macho makubwa na sharubu ndefu viliniambia anatembea usiku na kupapasa, hilo nililiandika bila shaka. Lakini tumbo? Mdomo ulikuwa chini kama wa koridora, kwa hiyo nikaandika "sakafuni", nikamwekea kidonge mchangani. Asubuhi kidonge kilikuwa palepale, kimevimba, hakijaguswa. Siku ya pili hivyohivyo.

Sikutaka kufungua kitabu kabla sijajionea. Usiku wa tatu nilizima taa, nikakaa gizani karibu saa nzima nikiwa na tochi yenye mwanga hafifu. Alitoka chini ya kipande cha gogo, akateleza kwenye kivuli cha jani, akajigeuza. Tumbo juu, mgongo chini. Akapanda hivyohivyo hadi usoni pa maji, na ule mdomo niliosema ni wa chini ukawa sasa unatazama juu, ukiokota vipande vilivyokuwa vikielea. Lile tumbo jeusi ndilo lilikuwa mgongo wake. Jina lake la kitaalamu ni Synodontis nigriventris, na nigriventris maana yake ni mwenye tumbo jeusi.

Nilifuta neno "sakafuni", nikaenda kumletea chakula kinachoelea.