Ramani ya simbi: wiki ya tatu ndani ya pango

Jumatatu usiku, bado niko kwenye zile njia za kupindapinda za gemu yangu ya pangoni. Kwa asiyejua, gemu yenyewe ni Colossal Cave, ya zamani kweli, Will Crowther wa Marekani aliiandika 1976 na mwaka uliofuata Don Woods akaongezea mambo mengi, hamna picha hata moja, inakueleza uko wapi nawe unaandika wataka kwenda wapi ama kuchukua nini, NVDA, ile programu ya kompyuta inayosoma skrini kwa sauti, inanisomea basi. Mimi sioni tangu nna miaka sita na kwenye hii gemu sijamuita mtu aniangalilie skrini hata mara moja. Hilo kwangu ni kubwa sana, manake gemu za simu zote huishia kumuomba mtu aniambie nibonyeze wapi.

Wiki ya kwanza yote iliishia kwenye sauti. Kwa kazi zangu natumia sauti ya eSpeak ya Kiswahili, sasa ikikutana na Kizungu cha pangoni inakisoma kama Kiswahili, sikuambulia kitu. Nikatengeneza profaili nyengine kwenye NVDA, sauti ya Kizungu, na spidi nikaishusha. Meseji za watu naziskiza mbio lakini hapa neno moja likikupita ushapotea.

Wiki ya pili ndo ilonichosha. Mwanzoni gemu inakuuliza kama wataka maelezo, ukikubali taa yako inakaa zamu 1000 badala ya 330 lakini unakatwa pointi 5, na mimi nazitaka 350 zote, nikajibu no. Kumbe kwenye maelezo hayo ndo wanakuonya kwamba inasoma herufi tano za kwanza za kila neno basi! Kwa hivo mimi naandika northeast, yenyewe inaona north, inanipeleka kaskazini, nami naweka kwenye ramani kwamba nimeenda kaskazini mashariki. Siku nne hizo. Yatakiwa uandike ne, kwisha. Nilivogundua nilibomoa ramani yote nikaanza upya, na pointi zangu 5 sikuzitoa.

Sasa hiyo ramani. Kila chumba cha hizo njia za kupindapinda gemu inakisema kwa sentensi ile ile moja, na ukienda kaskazini alafu ukarudi kusini si lazima utokee ulikotoka. Dawa yake ni kuangusha kitu kila chumba, funguo hapa, chupa pale, chakula kule, ila huwezi kubeba zaidi ya vitu saba na taa ndo huiwachi kamwe. Hazina usiangushe, kuna haramia hupita akazizoa.

Nje ya gemu nimetandika mkeka chumbani, kila chumba ni simbi moja, na kati ya simbi nimefunga uzi wa nyavu alonipa ami yangu mvuvi. Fundo moja ni kaskazini, mawili kusini, matatu mashariki, manne magharibi, na fundo nalipiga karibu na simbi ya chumba unachotoka, manake njia ya kurudi ina uzi wake mwengine. Navipitisha vidole polepole hadi nipate fundo, alafu ndo naandika. Crowther mwenyewe alikua akiingia mapango ya Kentucky kuyapima na kuchora ramani, yeye na mkewe Pat, na kila nikishika ule uzi namfahamu.

Alhamisi. Paka kaingia akalala katikati ya ramani, simbi tatu zimehama. Saa hii nazifunga kwenye ukili wa mkeka kwa sindano, kazi ya usiku mzima lakini haitahama tena. Mtoto wa kaka yangu akaniuliza, "Ami, kwani huko ndani kuna nini?" Nikamkalisha, nikamuekea kidole chake kwenye uzi, nikamuachia spika wazi, akawa yeye ndo anasema twende wapi nami naandika. Mashallah, alipata njia mbili ambazo sikuwa nazijaribu.

Vyumba nilivofunga ni tisa. Simbi zimeniishia, huyo mtoto ameniahidi Ijumaa baada ya swala atateremka ufuoni Shela aniokotee nyengine.