Nilivyogawa mafaili ya SQL ya migresheni bila kuvunja triga

Faili lililonilazimisha kuandika kigawanyaji kipya, yaani programu inayolikata faili la SQL kuwa amri mojamoja, lilianza hivi:

-- mazao ya ng'ombe na mbuzi
INSERT INTO mifugo (jina, mazao)
VALUES ('ng''ombe', 'maziwa; nyama; ngozi');

Ni mfumo wa ushirika wa wafugaji, unatumia hifadhidata ya PostgreSQL, na kila badiliko la majedwali (migresheni) huja kama faili ghafi la SQL. Programu tuliyoirithi ilikuwa ikisoma faili zima, inalikata kila inapokuta nukta-mkato (;), kisha inatuma vipande kwenye seva kimoja kimoja. Kwa CREATE TABLE za kawaida njia hiyo haina shida. Shida ni mistari kama hiyo ya juu, na zaidi ni funksheni na triga (funksheni zinazojiendesha jedwali linapobadilika), ambazo mwili wake umejaa nukta-mkato. Seva inapokea nusu ya funksheni na kulalamika kwamba alama za $$, zinazozingira mwili wa funksheni, zimefunguliwa bila kufungwa.

Wenzangu waliuliza kwa nini tusitume faili zima kwa mkupuo. PostgreSQL inaruhusu, lakini amri zote za mkupuo mmoja huhesabiwa kuwa muamala mmoja (zinafaulu au kushindwa kwa pamoja), na CREATE INDEX CONCURRENTLY, inayojenga faharasa bila kuzuia uandishi kwenye jedwali, haikubali kuendeshwa ndani ya muamala. Ukipitia njia ya amri zilizoandaliwa (prepared statements), ndiyo kabisa: seva inataka amri moja tu kwa wakati. Tena nilitaka kosa likitokea tujue ni amri ipi, mstari wa ngapi. psql, programu ya mteja ya PostgreSQL, ingetugawia vizuri, ila haimo kwenye seva zetu, na kumbukumbu ya migresheni tunaiandika kwenye muunganisho uleule unaoendesha mabadiliko.

Kwa hiyo nilisoma jinsi psql yenyewe inavyofanya, katika faili lake la psqlscan.l, nikaandika kigawanyaji kinachopita herufi kwa herufi huku kikikumbuka kipo wapi: kwenye amri, ndani ya ritifaa, ndani ya maelezo (maandishi ambayo seva inayapuuza, kama mstari unaoanza na --), au kati ya alama za dola. Nukta-mkato inakata pale tu tulipo kwenye amri tupu.

Kila hali ina kanuni zake, na hapo ndipo kazi ilipo. Ritifaa la ng'ombe kwenye mstari wa maelezo halifungui kitu, lakini kigawanyaji kisichojua maelezo kitaamini maandishi yameanza na kumeza amri zinazofuata. Ritifaa mbili zinazofuatana ndani ya maandishi ni ritifaa moja. Mkwaju wa nyuma ni herufi ya kawaida tangu PostgreSQL 9.1, isipokuwa maandishi yametanguliwa na E, kwa hiyo 'C:\' imefungwa ilhali E'C:\' bado iko wazi. Maelezo ya /* na */ yanaweza kubebana, moja ndani ya jingine, kwa hiyo unahitaji kihesabu. Hii ndiyo sababu nilikataa pendekezo la kutumia regex (ruwaza ya kutafutia maandishi) moja ndefu: regex ya kawaida haiwezi kuhesabu kina.

Alama za dola zilinichukua muda kuliko zote. Mwili unaweza kufunguliwa kwa $$ au kwa jina kama $mwili$, na unafungwa na jina lilelile tu. $$ iliyo ndani ya $mwili$ ni maandishi. Jina haliwezi kuanza na tarakimu, kwa hiyo $1 ni kigezo. Na dola iliyo katikati ya jina la safu, mfano bei$mpya, haifungui chochote.

Zipo nukta-mkato za aina mbili ambazo hazimo ndani ya alama yoyote ya kunukuu. CREATE RULE (kanuni inayobadilisha amri inayoelekezwa kwenye jedwali) inaweza kubeba amri kadhaa ndani ya mabano, basi ndani ya mabano sikati. Na tangu toleo la 14, la 2021, funksheni inaweza kuandikwa kwa BEGIN ATOMIC hadi END bila dola hata moja. Hapo nilifuata psql: amri ikianza na CREATE FUNCTION au CREATE PROCEDURE, iwe na OR REPLACE au bila, hesabu BEGIN na CASE zinazofunguliwa, na END zinazozifunga.

Niliombwa niongeze MySQL humohumo. Nilikataa, na bado nashikilia msimamo huo. Huko DELIMITER ni amri ya programu ya mteja ambayo seva haiijui, # inaanzisha maelezo, na vistari viwili visivyofuatwa na nafasi si maelezo. Ni lugha nyingine, inastahili kigawanyaji chake.

Jaribio ninaloliamini kuliko mengine ni fupi: unganisha vipande vyote, lazima upate faili la mwanzo herufi kwa herufi. Faili lenye COPY kutoka stdin (amri inayofuatwa na data ghafi humohumo), au mstari wa amri za psql zenye mkwaju wa nyuma, tunalikataa kabla ya kugusa seva.

CREATE INDEX CONCURRENTLY sasa inakaa kwenye faili lake lenyewe lenye alama ya kutoendeshwa ndani ya muamala. Ikikatika njiani huacha faharasa batili yenye jina lilelile, kwa hiyo amri ya kwanza ya kila faili la aina hiyo ni DROP INDEX CONCURRENTLY IF EXISTS.